Taarifa Niliyoiandika Juu ya Landrova ya Zahanati

Wiki iliyopita tulimzika Elinami kule Marangu, kwenye kihamba chake mwenyewe, kati ya migomba na mstari wa mimea ya masale unaotenganisha shamba lake na la jirani. Nilipanda huko na Deo, mjukuu wa dada yangu, kwa gari lake dogo la Kijapani, na tulipoanza kona za juu taa ya manjano ikawaka mbele yake. Deo akasonya. Gari hilo lilikuwa limekataliwa kwenye kipimo cha moshi huko mgodini anakofanya kazi, maana wenye mgodi hawaruhusu gari linalotoa moshi mchafu kupita getini. Fundi wake akachomeka kompyuta, kompyuta ikasema sensa ya oksijeni, akanunua sensa mpya na kuifunga, na sasa taa imerudi palepale. "Bibi, hii ni ya pili!" akalalamika. "Sensa za siku hizi feki tupu." Nikamwambia asimame pembeni. Nikashuka na kitenge changu cha msiba, nikafungua boneti, nikainamisha sikio. Pale ekzosi inapoungana na injini palikuwa na kisauti kidogo, tsi, tsi, tsi, cha gasketi iliyoungua. Nikamweleza kwamba hewa ya nje inapenya hapo, sensa inainusa, kompyuta inadhani moto umepata hewa kupita kiasi, basi inaongeza petroli, na petroli ikizidi gari linatoa uchafu. Sensa haina kosa lolote. "Sensa ni pua tu, Deo," nikamwambia. "Imesema ilichonusa. Wewe umeing'oa pua kwa sababu ya harufu." Alicheka sana, akasema atawasimulia wenzake kazini. Mimi sikucheka. Nilikuwa naenda kumzika mtu ambaye niliwahi kumfanyia vilevile, na yeye hakuwa sensa ya kununua dukani.

Habari za wazazi wangu, na jinsi nilivyotoka kwenye mashamba ya miwa nikiwa na cheti cha ufundi mkononi, nitaziacha, kila mtu ana zake na zinafanana. Nianze pale nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka ule wa petroli ya vibali na sukari ya foleni, nilipopangiwa karakana moja mjini Moshi iliyohudumia magari ya vijiji. Nilipanga chumba Majengo, chumba kimoja chenye dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na ukuta wangu ulikuwa ndio ukuta wa fundi cherehani, kwa hiyo asubuhi niliamshwa na adhana na mchana wa Jumapili nililala kwa mlio wa cherehani. Nilikuwa na jiko la mkaa, sufuria mbili, kitanda cha kamba na ovaroli mbili za buluu ambazo zilikuwa kubwa kwangu, maana hakuna aliyewahi kushona ovaroli akimfikiria mwanamke. Karakana ilikuwa na mafundi kumi na mmoja, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mwanamke. Walikuwa hawanitukani, tusiwasingizie. Walikuwa wanatania tu. Nikilala chini ya gari mmoja atasema, "Jamani, msipite huko, shemeji anapika." Nikiomba spana wananiletea mwiko. Nilicheka nao, na kila nilipocheka nilijiapia moyoni kwamba siku moja nitalitambua tatizo la gari lililowashinda wote, na nitalitambua kwa sauti ya juu.

Mkuu wetu wa mafundi alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Tanga aliyeishi Majengo miaka mingi, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma ambayo haikupata doa la grisi hata siku moja. Yeye hakutania. Alinifundisha kwa maneno matatu, na aliyarudia kila gari lilipoingia: pumzi, mafuta, moto. Kwanza angalia kama injini inapumua, halafu kama inapata mafuta, halafu kama plagi inatoa cheche. "Usirukie mafuta," alikuwa akisema, "kila mjinga hurukia mafuta kwa sababu yananuka." Alikuwa anashika kitambaa cheupe mbele ya ekzosi, anakisogeza puani, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Sasa kazi hiyo inafanywa na kidude kilichofungwa kwenye bomba, na sina kinyongo nacho. Ila kidude hakiwezi kukuuliza swali, na Mzee Shabani alikuwa anauliza.

Elinami alikuwa dereva wa landrova ya zahanati moja ya Marangu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mpole, mkubwa wa mwili, anayeendesha gari kwa kuliongelesha. Alikuja karakana kila baada ya majuma mawili, na kwenye landrova hiyo alibeba kila kitu: kinamama wajawazito, mabomba ya sindano, na madumu ya mafuta ya taa ya kuendeshea friji ya chanjo, maana umeme haukuwa umefika kwao. Siku ya kwanza aliponiona nimelala chini ya gari lake hakutafuta fundi mwingine. Alichuchumaa akasema, "Dada, likikusumbua uniambie, huwa lina kiburi." Baada ya miezi miwili akaniambia Jumamosi nipande naye, mke wake anataka kumwona huyu binti wa spana. Nikapanda, na tangu siku hiyo sikuwa mgeni tena nyumbani kwake.

Mpaka leo naweza kukichora chumba kile. Meza ndefu ya mbao ya mruka, kalenda ya kanisa ukutani, makopo ya maziwa yaliyopangwa kwa ukubwa, na mlango wa nyuma uliofungukia kwenye migomba hata mwanga wote wa ndani ukawa wa kijani. Mama Aikande, mke wake, alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na alipakua chakula bila kukuuliza umeshiba. Nilikula mtori hapo nikiwa na homa, nikala machalari ya ndizi na nyama ya kifua siku ya sikukuu, nikala kiburu cha ndizi na maharage siku za kawaida. Na pembeni, karibu na moto, alikaa mama yake Elinami, bibi wa miaka mingi ambaye macho yalikuwa yamemwacha akabaki na mikono na masikio. Elinami alikuwa mtoto wake wa kiume wa pekee. Nikimsalimia shikamoo alikuwa anashika viganja vyangu, anavipapasa, anasema, "Marahaba. Mikono ya mwanamke, mafuta ya gari. Dunia hii!" Halafu anacheka mpaka anakohoa. Mara nyingi nilimsikia akizungumza na mkwe wake juu ya kufa kwake, bila huzuni, kama mtu anayepanga safari ya gulioni. "Udongo wa kwanza atautupa Elinami. Wa pili atupe yeyote mnayemtaka, hata huyu wa spana." Mama Aikande alikuwa anamjibu, "Mama, kula ndizi zako." Nami nilikuwa nacheka na mdomo umejaa.

Mwezi wa kwanza wa mvua Elinami alirudisha landrova nyuma akamkanyaga ndama wa jirani. Ndama akafa. Jirani alikuwa mtu wa hasira, wakapitisha siku tatu bila kusalimiana, na kwa watu wanaotumia njia moja ya maji siku tatu ni nyingi. Jumamosi hiyo nilikuwepo. Elinami alikata jani refu la isale kwenye mpaka, akalifunga fundo, akaenda nalo kwa jirani ameinamisha kichwa. Mimi, mtu wa kuja, sikuelewa, mpaka Mama Aikande aliponieleza tukiwa tunamenya ndizi kwamba aliyekosa akikuletea isale lenye fundo huna ruhusa ya kukataa. Utapokea, na mambo yanaisha. Kukataa isale ni kujiitia balaa. Na kweli, jioni jirani alikuja akakaa mezani kwetu, akala, wakaongea juu ya bei ya kahawa.

Kesho yake, Jumapili baada ya kanisa, nilifungua boneti ya landrova pale uani nikaamua kusafisha chujio la hewa. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu kulipa wema kwa kazi niliyoijua. Nilivua bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye injini, nikaliweka juu ya gunia nililotandika mavumbini, nikamwaga oili chafu ya chujio, nikatia mpya. Bibi akaja akipapasa ukuta, kisha akapapasa ubavu wa gari kama mtu anayemtuliza ng'ombe. "Mwanangu," akasema, "mnyama huyu anapumulia wapi?" Swali hilo lilinifurahisha mno. Nikaushika mkono wake, nikauongoza mpaka kwenye mdomo wa lile bomba. "Hapa, bibi. Pua yake ndiyo hii." Akaingiza vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Aikande akaniita nikanawe, chakula tayari. Nikaenda. Niliporudi bibi alikuwa ameshaondoka, bomba liko pale pale, nikalifunga na klipu zake mbili, nikazikaza vizuri, nikajisifu. Kila ninapofika hapa kwenye kumbukumbu hizi natamani kumshika yule msichana bega nimwambie achungulie ndani ya bomba kabla ya kulifunga. Sekunde moja tu. Hakuchungulia, kwa sababu kazi ilikuwa ya mikono yake mwenyewe.

Majuma mawili baadaye landrova ilianza kutoa moshi mweusi milimani. Ikiwa imesimama inanguruma vizuri, ukikanyaga mafuta inakosa nguvu na kutapika masizi. Siku ya ukaguzi wa magari ikafika, mkaguzi akaweka kitambaa nyuma ya ekzosi, akamwambia Elinami akanyage, kitambaa kikawa cheusi tii. Akaandika hapana. Landrova ikaletwa karakana, isitoke mpaka ipone, na juu huko watu wakaanza kuteremsha wagonjwa kwa machela za miti. Hilo peke yake lingetosha kuwa tatizo. Lakini kamati ya kijiji ilikuwa imeshaanza kunong'ona kuhusu vibali vya petroli, kwamba petroli inakwisha upesi mno, na kwa kweli ilikuwa inakwisha upesi, injini isiyopumua hula kama mwenye minyoo. Meneja wetu akataka taarifa ya maandishi, iseme gari lina nini. Mzee Shabani alikuwa amekwenda Tanga kwenye msiba wa kaka yake. Meneja akatutazama mafundi wote, kisha, nadhani kwa utani, akanitazama mimi. "Wewe si ndiye rafiki wa gari hili?"

Nilisimama mbele ya wanaume kumi, na nilikuwa nimeisubiri siku hiyo. Nilivua plagi, zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nilifungua kabureta, nikaiona safi. Nikachovya kidole kwenye petroli nikanusa, na nikasikia mafuta ya taa. Bila shaka niliyasikia! Gari lile lilibeba madumu ya mafuta ya taa kila wiki, hata viti vyake vilinuka mafuta ya taa, hata Elinami alinuka, hata mimi nikitoka humo. Lakini nilisema kwa sauti ya juu, kama nilivyojiapia: "Petroli imechanganywa na mafuta ya taa." Fundi mmoja aliuliza, "Hewa je?" Nikamjibu kwa dharau kwamba chujio nimelisafisha kwa mkono wangu. Hakuna aliyecheka safari hii. Nikaketi, nikaandika taarifa kwa hati yangu nzuri ya shule, nikaweka sahihi. Nikiwa naandika sikumfikiria Elinami hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilifikiria injini. Kwamba petroli iliyochanganywa lazima iwe imechanganywa na mtu, na kwamba mtu huyo ana jina na mke, wazo hilo lilinijia nikiwa nimeshamkabidhi meneja karatasi.

Walimchukua kesho yake. Walisema ameuza petroli ya wananchi akajazia mafuta ya friji, na wakati ule neno kuhujumu lilikuwa zito kuliko neno kuiba. Akawekwa mahabusu mjini. Mama Aikande alianza kushuka kila siku na kapu la chakula, safari yote hiyo, na siku ya pili alipitia chumbani kwangu Majengo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kapu magotini. Alikuwa hajui ni nani aliyeandika.

"Vene," akaniambia, "wewe ni fundi. Niambie mimi nisiyejua. Inawezekana?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyeandika, mama. Ndivyo nilivyoona."

Akafunua kapu, akatoa ndizi mbili za kuchoma, akaziweka juu ya meza yangu kwa sababu asubuhi alikuwa ameshapanga kunipa. "Kama ndivyo ulivyoona," akasema, akaondoka. Ndizi zile sikuzila, na sikuweza kuzitupa, zikaoza pale pale.

Tulimwaga petroli yote, tukaosha tenki, tukaweka petroli safi ya kibali kipya. Landrova ikatoa moshi mweusi. Nilibadilisha plagi, ikatoa moshi. Nilifungua kabureta mara tatu, nikalala nikiiota, nikaamka nikaifungua tena. Mafundi waliacha kunitania, na nilitamani wangenitania. Jumamosi nilipanda Marangu kwa miguu yenye aibu kumwona bibi, ambaye hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza vizuri kwa nini mwanawe halali nyumbani. Nilimkuta kitandani, pumzi fupi, Mama Aikande akimpoozea uji. Alinitambua kwa viganja. "Wamemkosea," akasema. "Gari lile lina amani. Nililitia amani mimi mwenyewe." Nilidhani ni maneno ya uzee. Nikamtazama Mama Aikande, naye akatazama uji.

Siku ya kumi na nne tangu wamchukue Elinami, Mzee Shabani akarudi kutoka Tanga. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mkoba wake haujashuka begani. Kisha akauliza, "Pumzi uliiangalia?"

"Nililisafisha chujio kwa mkono wangu, mzee."

"Sikukuuliza kama ulisafisha."

Akavua klipu mbili, akang'oa bomba la mpira, akaligonga kwenye kiganja. Hakikutoka kitu. Akaingiza vidole mpaka kwenye mkunjo, akavuta. Likatoka jani refu, limekauka, limekuwa jeusi kwa vumbi na oili, na katikati lina fundo. Injini ilipokuwa imetulia jani lililala pembeni, na ulipokanyaga hewa ililivuta likaziba. Mzee Shabani, mtu wa pwani, akalitazama kama takataka, akanyanyua mkono kulitupa. Nikamshika mkono. Nililijua fundo lile. Nikakaa chini kwenye sakafu ya karakana na oili yake. Bibi alikuwa amesikia kwamba mwanawe amesamehewa kwa kumkanyaga ndama, akaona si haki gari lenyewe lisisamehewe, basi akaliwekea isale pale ambapo pumzi inaingia, ili amani iingie nayo. Na mimi ndiye niliyeushika mkono wake nikamwonyesha mahali, kisha nikalifungia humo kwa klipu mbili.

Landrova ikawashwa, ikanguruma safi. Meneja akatoka ofisini, akaweka kitambaa nyuma ya ekzosi, kikabaki cheupe. Akaniangalia kwa furaha kabisa. "Mmeona?" akawaambia wote. "Petroli chafu imekwisha kwenye mishipa. Binti alisema kweli." Kisha akasema ataniombea nafasi ya kwenda kusoma Dar es Salaam, kwamba nchi inahitaji mafundi kama mimi. Mzee Shabani alikuwa amesimama na lile bomba mkononi. Alinitazama, nami nikatazama chini. Jioni tulipokuwa tunanawa mikono aliniambia polepole, "Taarifa ni yako, na kalamu ni yako. Nikiifuta mimi watasema wazee wanamwonea wivu binti. Ukiifuta wewe, itafutika." Nikasema ndiyo, mzee, kesho.

Kesho nikasema kesho. Jani lilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli yangu, na kila nilipoinama nililisikia likivunjika vunjika. Nilikuwa na sababu, mtu anayeogopa hakosi sababu. Nilijiambia namlinda bibi, nikilitaja jani watamshtaki kikongwe kipofu kwa kuharibu mali ya umma. Nilijiambia Elinami ataachiwa tu, gari si limepona? Nilijiambia nitaandika barua nzuri zaidi nikituliza kichwa. Ukweli niuseme hapa: sikutaka wanaume kumi waanze tena kuniletea mwiko. Basi. Mtu alikuwa amekaa kwenye sakafu ya saruji ili mimi nisiletewe mwiko. Nikakaa kimya siku tisa.

Siku ya nane bibi akafa. Alikuwa amepelekwa hospitali mjini, na mwili wake ulipandishwa nyumbani kwa landrova ileile, ikiendeshwa na dereva mpya. Nilikuwa nimesimama njiani na watu wa msiba nilipoisikia ikipanda. Ilipanda vizuri. Kona ya mwisho, ile kali ambapo mimi na Elinami tulikuwa tukilicheka gari kwa kiburi chake, iliipita bila kukohoa, na nyuma yake hakukuwa na moshi wowote. Walikuwa wameomba Elinami aruhusiwe kuzika, wakakataliwa. Siku ya tisa, penye kaburi, mchungaji aliposema mtoto wa marehemu atupe udongo, watu wakatazamana. Mama Aikande akachota kiganja kimoja, akakitupa, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Huu ni wa Elinami." Sikungoja chakula. Nilishuka mpaka mjini siku hiyo hiyo, nikaingia kituoni na ovaroli yangu, nikaomba karatasi.

Niliandika kwamba nilikosea, kwamba petroli haikuwa na kitu, kwamba nilifunga bomba la hewa likiwa na jani ndani kwa uzembe wangu. Jani la nini sikuandika. Ofisa aliyesoma aliniuliza kama nimepewa kitu na ndugu wa mshtakiwa. Nikamwambia nimepewa mtori na machalari mwaka mzima. Hakuona ucheshi ndani yake, wala mimi sikuwa nachekesha. Siku ya nne baada ya hapo wakamwachia Elinami bila kesi, na bila kazi pia, maana jina likishaingia matope hata ukiliosha watu wanaulizia doa lilikuwa wapi. Hakuendesha gari la umma tena mpaka anakufa. Mimi niliondolewa kwenye magari, nikapelekwa kuosha vyuma kwenye pipa la dizeli mwaka mzima, na nafasi ya Dar es Salaam akapewa mwingine. Sikusikitika hata kidogo. Vidole vyangu vilichubuka, na nilishukuru.

Jumamosi iliyofuata nilikata jani la isale kwenye mpaka wa Elinami mwenyewe, kwa sababu sikuwa na mpaka wangu, nikalifunga fundo, nikaenda nalo mlangoni. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa. Nikamweleza habari ya taarifa yangu, na ya mama yake na bomba. Aliposikia mama yake alikolitia jani, alicheka, halafu akalia, halafu akalichukua isale langu kwa mikono miwili. "Kaa ule," akasema. Nikakaa nikala. Habari ya zile siku tisa sikumwambia. Nilikuwa nimekusudia kumwambia, chakula kikaja. Nimekula kwenye meza ile zaidi ya miaka arobaini, nimewabariki watoto wake, yeye amenisindikiza nilipofungua gereji yangu, na kila mara siku tisa zilikaa nasi mezani bila kualikwa.

Kwa hiyo wiki iliyopita, watu walipokwisha kutawanyika na Deo akiwa ameegemea gari lake la taa ya manjano, nilikwenda kwenye mstari wa masale nikakata jani. Vidole vyangu siku hizi havifungi fundo upesi. Mama Aikande alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mahali pale pale alipokuwa akikaa mama mkwe wake, amevaa nyeusi, amechoka. Nikapiga magoti kwa shida, nikamnyooshea.

"Hili la nini?" akauliza. "Ulishaleta, zamani."

"Lile lilikuwa la taarifa. Jani lilipatikana, mama, na mimi sikusema. Hili ni la siku tisa."

Nje Deo alikuwa amewasha gari, kile kisauti cha gasketi kikasikika mpaka ndani.

"Zilikuwa kumi na tatu," akasema. "Mzee Shabani alipokuja kunipa pole ya mama mkwe alinitajia siku lilipopatikana. Nikahesabu mpaka walipomwachia. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka chakula, Vene, nilizijua moja moja."

Nikauliza tu kama Elinami mwenyewe alijua.

"Sikumwambia. Angewezaje kula na wewe?"

Kisha akanyoosha mkono akalipokea jani. Akaliweka mapajani, akalilaza vizuri kwa kiganja, akaniambia nisogeze kiti, chakula kimebaki kingi.